Mume anayepigana usingizini: jinsi ubongo unavyoufunga mwili wakati wa ndoto

Swali: Daktari, mimi ni mama wa miaka 55, naishi Muheza. Mume wangu ana miaka 62. Tangu mwaka juzi, inapokaribia alfajiri, hupiga ngumi na mateke akiwa usingizini, hupayuka kama mtu anayegombana, na mwezi uliopita alianguka kutoka kitandani akaumia bega. Nikimwamsha huniambia alikuwa anapambana na mbwa, au na wezi waliovunja mlango. Mchana ni mtu mpole kabisa. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana nilikuwa nakabwa na jinamizi: naamka, nakiona chumba chote, lakini siwezi kuinua hata kidole. Ndugu wengine wanasema nyumba yetu ina jambo. Naomba unieleze mwili hutawaliwa na nini tunapolala, na kama haya mawili yana uhusiano.

Jibu: Dada yangu, nakupa pole kwa usiku huo mwingi wa kulala kwa tahadhari ndani ya kitanda chako mwenyewe. Nashukuru umeuliza mambo yote mawili kwa pamoja, kwa sababu uhusiano upo, tena ni wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Lililokupata wewe ulipokuwa msichana na linalompata mumeo sasa yanahusu kazi moja ya ubongo, nayo ni kuifunga misuli wakati wa ndoto. Kwako ilichelewa kufunguka, na kwake, kwa jinsi unavyoeleza, haifungi sawasawa. Jinamizi lako halikuwa dalili ya ugonjwa mkubwa. La mumeo linahitaji daktari, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nieleze jinsi mwili unavyotawaliwa, maana bila hilo ushauri wangu utabaki kuwa amri tu.

Tukiwa macho, misuli yetu haipumziki kamwe. Hata mtu aliyekaa kimya barazani, shingo yake imeshika kichwa na mgongo umesimama, kwa sababu seli za neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo, ambazo hapa nitaziita seli za mwendo, zinatuma ishara ndogondogo kwenye misuli muda wote. Seli hizi ndizo mlango wa mwisho. Amri yoyote ya ubongo, iwe ya kuandika au ya kukimbia, lazima ipite kwazo ndipo msuli ukaze. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini mwili hutulia au hukosa kutulia usiku hana budi kuuliza seli hizi zinapokea nini kutoka juu.

Usingizi wenyewe si wa aina moja. Mtu mzima hupita katika mizunguko ya takribani dakika 90, mara nne au tano kwa usiku. Saa za mwanzo hutawaliwa na usingizi mzito, ambao mawimbi ya umeme wa ubongo huwa makubwa na ya polepole. Katika usingizi huo misuli hulegea kwa sababu seli za shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, zinazotumia kemikali za serotonini na noradrenalini, ambazo mchana huzichangamsha seli za mwendo, hupunguza kazi yake. Mlango umerudishwa tu, haujakomewa. Ndiyo maana mtu hujigeuza, huvuta shuka, hujikuna alipoumwa na mbu, na asubuhi hakumbuki lolote. Kujigeuza huko kuna faida, kwani hulinda ngozi na viungo visibanwe upande mmoja usiku kucha, na wauguzi wanaowageuza wagonjwa mahututi kila baada ya saa chache wanafanya kwa mikono yao kazi ambayo ubongo mzima huifanya wenyewe.

Aina ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba wengi wa walioamshwa katika vipindi hivyo walisimulia ndoto. Wataalamu wengi huuita usingizi wa macho kuchezacheza. Mimi nitauita usingizi wa ndoto, ingawa ndoto nyepesi hutokea hata nje yake. Huchukua takribani robo ya usiku wa mtu mzima, na vipindi vyake hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Tafadhali likumbuke hilo, kwa maana wewe mwenyewe umeandika kwamba mumeo hupigana kuelekea alfajiri.

Miaka michache baadaye, mnamo 1959, mtafiti Mfaransa Michel Jouvet aliyefanya kazi katika mji wa Lyon aligundua jambo lililowashangaza wengi. Alipopima umeme wa ubongo na wa misuli ya shingo ya paka waliolala, aliona kwamba katika kipindi hiki ubongo ulikuwa na shughuli karibu kama ya paka aliye macho, ilhali misuli ya shingo ilikuwa kimya kabisa, bila hata ule mkazo mdogo wa usingizi mzito. Aliuita usingizi wenye kujipinga. Kisha akaenda mbele zaidi. Yeye na wenzake waliharibu eneo dogo sana katika sehemu ya shina la ubongo iitwayo ponsi, na paka hao, wakiwa bado katika usingizi wa ndoto, waliinua vichwa, wakasimama, wakanyemelea mawindo yasiyokuwepo na kuyarukia, wala hawakujali kilichokuwa mbele yao. Majaribio hayo yalionyesha kwamba utulivu wa wakati wa ndoto hautokani na uchovu wa misuli, bali huzalishwa na kundi maalumu la seli, na kundi hilo likiharibiwa, ndoto hutokea nje kwa viungo.

Leo tunaijua njia hiyo kwa undani zaidi. Ndani ya ponsi kuna kundi dogo la seli linaloamka tunapoingia katika usingizi wa ndoto. Seli hizo hutuma ishara za kuchochea kwenda kwa seli nyingine, zilizoko sehemu ya chini ya shina la ubongo na ndani ya uti wa mgongo wenyewe, na hizo za pili humwaga juu ya seli za mwendo kemikali mbili za kuzuia, yaani glisini na GABA. Papo hapo zile seli za serotonini na noradrenalini hunyamaza karibu kabisa. Seli ya mwendo basi hupata mambo mawili kwa pamoja: kinachoichangamsha kimeondolewa, na kinachoizuia kimeongezwa. Huku juu, gamba la ubongo linaendelea kutoa amri za kweli za kukimbia, kurusha ngumi, kupiga kelele. Amri zinashuka, zinafika mlangoni, na mlango umekomewa. Ukigonga goti la mtu mzima aliye katika usingizi huu kwa kinyundo cha daktari, mguu hauruki kama unavyoruka mchana.

Nakiri kwamba baada ya miaka mingi ya kazi hii bado sehemu hiyo hunigusa. Kila usiku, mara nne au tano, kila mmoja wetu anapooza karibu mwili mzima, na tunaamka wazima bila kujua kwamba tulilindwa.

Baadhi ya misuli huachwa huru. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huendelea kuvuta pumzi, kwani kikifungwa mtu atakufa. Misuli inayozungusha macho nayo huachwa, na ndiyo maana macho huchezacheza. Moyo una mdundo wake wenyewe na haumo katika utaratibu huu. Lakini misuli ya katikati ya mbavu na ile ya ulimi na koo hulegea, na kwa watu wenye koo jembamba au uzito mkubwa huo ndio wakati ambapo njia ya hewa huziba na kukoroma hugeuka kuwa kukatika kwa pumzi. Tena komeo lenyewe halikazi kwa asilimia mia. Mara kwa mara ishara yenye nguvu hupenya, na kidole hushtuka au shavu hutikisika. Kwa watoto wachanga, ambao takribani nusu ya usingizi wao ni wa aina hii, mishtuko hiyo ni mingi sana, na watafiti wanaowachunguza wanyama wachanga wanaona kwamba kila mshtuko hurudisha taarifa kwenye ubongo unaokua, kana kwamba ubongo unajifunza ramani ya mwili wake kiungo kwa kiungo. Mama anayemwona kichanga wake akitabasamu na kurusharusha vidole usingizini hana sababu ya kuogopa.

Sasa niseme kuhusu jinamizi lako. Ulipokuwa msichana, fahamu zako zilirudi kabla seli za shina la ubongo hazijaacha kumwaga zile kemikali za kuzuia. Macho yakafunguka na chumba ukakiona, kwa sababu misuli ya macho haikuwa imefungwa. Mikono ikakataa, kwa sababu seli zake za mwendo zilikuwa bado chini ya komeo. Uzito kifuani nao una sababu yake: kiwambo kinapumua peke yake na misuli ya mbavu haijaamka, hivyo mtu akijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi hawezi, na huhisi amekaliwa. Na kwa kuwa ndoto yenyewe haijaisha, mara nyingi huonekana kivuli, au husikika hatua, au huhisiwa kwamba kuna mtu chumbani. Hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wengi walisimulia kukandamizwa usiku bila kuweza kusogea wala kupiga kelele, na kwa mtu anayejua utaratibu huu sehemu hiyo ya masimulizi yao inatambulika wazi. Sisemi walidanganya. Walichokihisi walikihisi kweli, na hofu iliyotanda iliwafanya walale vibaya, jambo ambalo huongeza jinamizi.

Karibu watu 8 katika kila 100 hupatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na wanafunzi na watu wanaofanya kazi za zamu hupatwa zaidi. Huja kwa urahisi kwa aliyekosa usingizi, anayelala kwa saa zisizo na mpangilio, au anayelala chali. Hupita yenyewe ndani ya sekunde chache hadi dakika kadhaa, na haiui. Kama mtu anapata jinamizi mara kwa mara, na pia mchana huzidiwa na usingizi asioweza kuuzuia, au magoti humlegea ghafla anapocheka, huyo amwone daktari, kwa sababu inawezekana amepungukiwa na oreksini, kemikali ya ubongo iliyogunduliwa mwaka 1998 ambayo huzuia usingizi wa ndoto usivamie saa za kuwa macho. Wewe hukutaja dalili hizo.

Kuhusu mumeo, maelezo yako yanalingana sana na hali ambayo madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minneapolis, Marekani, waliieleza mwaka 1986 kwa wagonjwa wachache wa umri mkubwa, wengi wao wanaume, waliokuwa wakiwajeruhi wenzi wao au kujijeruhi wenyewe walipokuwa wakiota. Ni kama wale paka wa Lyon, ila safari hii hakuna aliyekata chochote. Eneo linalofunga misuli limeanza kudhoofika lenyewe. Mtu hutenda ndoto yake jinsi ilivyo. Ndoto hizo kwa kawaida huwa za kushambuliwa na kujilinda, na mara nyingi katika ndoto mgonjwa anamlinda mkewe wakati ngumi zake zinamwangukia mke huyohuyo. Upole wake wa mchana na ukali wake wa usiku havipingani, wala ngumi hizo si siri ya moyo wake iliyofichuka. Nakuomba uwaambie hivyo na ndugu wanaosema nyumba ina jambo.

Si kila anayejirusha usiku ana hali hii, na hapa daktari atataka kupambanua. Mtoto anayetembea usingizini hufanya hivyo katika theluthi ya kwanza ya usiku, akitoka nusunusu katika usingizi mzito. Huwa na macho wazi, haelewi anachoulizwa, na asubuhi hana ndoto ya kusimulia. Kifafa cha usiku kwa kawaida hurudia mwendo uleule kila mara, huweza kuja mara kadhaa kwa usiku mmoja, na pengine mtu hujiuma ulimi au hujikojolea. Mtu ambaye pumzi yake hukatika anaweza kuzinduka kwa kurusha mikono akitafuta hewa, na akitibiwa kupumua, fujo huisha. Miguu inayorukaruka kila baada ya nusu dakika hivi ni jambo jingine, na ule mshtuko wa kuhisi unaanguka unapoanza kusinzia ni wa kawaida kwa watu wengi. Mumeo hupigana karibu na alfajiri, akiamshwa huzinduka haraka, hujua alipo na husimulia ndoto inayolingana na aliyoyafanya. Mambo hayo matatu yakikutana kwa mwanamume aliyepita miaka 50, daktari hufikiria kwanza hali niliyoieleza.

Nimefika kwenye sehemu ngumu, nami sitaipita kimyakimya, kwa sababu una haki ya kuijua. Kwa baadhi ya watu hali hii huletwa na dawa, hasa baadhi ya dawa za sonona, au na kuacha pombe kwa ghafla, na kwao kurekebisha dawa huweza kutosha. Lakini inapoanza yenyewe ukubwani, mara nyingi huwa ni ishara ya mapema ya ugonjwa unaokuja polepole: ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi wanaujua kwa kutetemeka mikono, au aina mojawapo ya kupoteza kumbukumbu inayofanana nao. Sababu inaeleweka. Katika magonjwa hayo protini iitwayo alfa-sinuklini hujikunja vibaya na kulundikana ndani ya seli za neva, na uchunguzi wa akina Heiko Braak wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi mlundikano huo huanzia sehemu za chini za shina la ubongo, na baadaye ndipo hupanda hadi kwenye seli za dopamini zinazosimamia mwendo wa mchana. Usiku basi huharibika kabla ya mchana, wakati mwingine kwa miaka kumi na zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watu 1,280 wenye hali hii kutoka vituo 24 vya nchi mbalimbali, ulikuta kwamba takribani watu 6 kati ya kila 100 waliingia katika mojawapo ya magonjwa hayo kila mwaka.

Hesabu hiyo isomwe kwa utulivu. Maana yake ni kwamba katika mwaka wowote, watu 94 kati ya 100 hawaingii huko, na wengine hukaa muda mrefu wakifanya shughuli zao zote. Hakuna dawa ambayo imethibitika kuzuia ugonjwa usifike, ingawa mazoezi ya mwili ya mara kwa mara ni ushauri ninaoutoa bila kusita kwa kila mgonjwa wa namna hii. Faida ya kujua mapema ni kwamba dalili zikianza atakuwa tayari mikononi mwa daktari anayemfahamu. Kwa hiyo mchunguze kwa upole: je, harufu ya samaki wa kukaanga au ya karafuu haisikii tena kama zamani? Je, anafunga choo kwa muda mrefu? Akisimama ghafla, hupata kizunguzungu? Hatua zake zimefupika, au mkono mmoja hautikisiki anapotembea? Jibu la ndiyo kwa moja tu halithibitishi kitu, lakini daktari atalihitaji.

Ushauri wa kwanza, na wa leo hii, ni usalama. Lala kitanda kingine au godoro jingine mpaka atibiwe, bila kuliona hilo kama ugomvi. Godoro lake liwekwe chini au kitanda kisogezwe mbali na dirisha la vioo. Meza ndogo, taa, panga la nyuma ya mlango na chochote chenye ncha viondolewe. Kwa umri wake ni kuanguka kitandani ndiko kunakoweza kumvunja nyonga, na bega lile ni onyo la kutosha.

Kisha mpelekeni hospitali ya rufaa mkaombe kuonana na daktari wa mfumo wa fahamu. Maabara za kupima usingizi usiku kucha, ambako umeme wa ubongo, wa macho na wa misuli hupimwa kwa pamoja ili kuona kama misuli inakataa kutulia wakati wa ndoto, bado ni chache katika ukanda wetu, kwa hiyo ushahidi wako utakuwa na uzito mkubwa. Rekodi kwa simu tukio moja au mawili, na uandike saa. Beba majina ya dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba. Daktari anaweza kumwandikia melatonini, yaani homoni ya usingizi, au klonazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kiwango kidogo wakati wa kulala. Hii ya pili isinunuliwe dukani bila kupimwa, kwa sababu inaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi, na humlewesha mzee anayeamka usiku kwenda msalani.

Mwisho, namna ya kumwamsha. Usimshike wala usimtikise, kwa maana mkono wako utaingia ndani ya ndoto yake kama mkono wa mwizi. Simama mbali, miguuni pake, mwite kwa jina lake analolijua kutoka kwako, kwa sauti tulivu, mara tatu au nne. Akizinduka, mwambie ni wewe, mwambie ni saa ngapi, na msubiri mpaka akujibu ndipo umkaribie.